Tuijue Nchi Yetu: Udongo wa Chimala na Mbuga za Usangu

Mwezi huu tunakualika tusafiri pamoja mpaka Chimala. Hatuendi kutazama wanyama wala majengo makubwa. Tunakwenda kutazama udongo. Utasema, "Udongo ninao hapa nyumbani, niufuate Chimala wa nini?" Ni kweli, udongo uko kila mahali. Lakini Chimala ni mahali ambapo mtu anaweza kutembea siku moja tu akaona aina nyingi za udongo, akajua zimetoka wapi. Tena ataona jinsi udongo unavyoweza kuugua, na nani anaumia ukiugua.

Chimala ni mji mdogo katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Uko kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia. Ukitoka Iringa unapita Mafinga, Makambako na Igawa, kisha unafika. Ukitoka Mbeya mjini unapita Uyole, Inyala na Igurusi. Ni mwendo wa kilomita kati ya 70 na 80. Unaweza pia kufika kwa treni ya TAZARA, maana Chimala kuna stesheni.

Ukishuka kwenye gari, simama kidogo utazame pande zote mbili. Upande wa kusini umesimama ukuta mrefu wa milima ya Kipengere. Upande wa kaskazini nchi ni tambarare mpaka macho yanachoka. Hizo ndizo mbuga za Usangu. Mlima na mbuga ni kama mama na mtoto. Mbuga ilizaliwa na mlima.

PANDA KWANZA, UTAONA VIZURI

Kutoka Chimala kuna barabara inayopanda mlimani kwenda Matamba, katika Wilaya ya Makete. Zamani Makete ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Tangu mwaka 2012 iko katika Mkoa wa Njombe. Wenyeji huita barabara hiyo "Hamsini na Saba", kwa sababu ina kona 57 kali. Gari linapanda polepole, linageuka, linapanda tena. Juu kabisa utakuta baridi, viazi na ngano. Mbele zaidi kuna uwanda wa Kitulo wenye maua mengi. Kitulo imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005.

Ukiwa juu, geuka utazame chini. Milima hii mahali pengine hukaribia kimo cha mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mbuga za Usangu ziko chini sana, kwenye mita 1,000 na kidogo. Kwa nini tofauti ni kubwa hivyo? Wataalamu wa miamba wanatueleza kuwa zamani sana ardhi ya hapa ilipasuka. Sehemu moja ikabaki juu, sehemu nyingine ikadidimia. Usangu ni sehemu ya Bonde la Ufa.

Shimo lile kubwa halikubaki tupu. Mito ilianza kulijaza. Kila masika, mvua ilikwangua milima, ikabeba mawe, mchanga na tope, ikavimwaga chini. Volkano za upande wa Rungwe nazo zilirusha majivu, na majivu hayo yakawa udongo. Kazi hiyo imeendelea kwa miaka mingi isiyohesabika, na leo bado inaendelea. Kwa hiyo udongo wa mbuga za Chimala si mwenyeji. Ni msafiri aliyeletwa na maji.

Mito iliyoleta udongo huo bado ipo. Kuna Mto Chimala wenyewe. Kuna Kimani, Mbarali, Mkoji, Ndembera na Ruaha Mkuu. Yote hufika katika mbuga hizi, na hapo maji yake hukutana.

MAJI YANAPEPETA UDONGO

Umewahi kumtazama mama anayepepeta mchele? Punje nzito hubaki karibu naye. Makapi mepesi hurukia mbali. Mto nao unafanya hivyo hivyo.

Maji yanaposhuka mlimani yana nguvu nyingi. Yanaweza kuviringisha mawe. Yakifika mahali pa tambarare, nguvu hupungua. Mawe na changarawe huachwa hapo hapo chini ya mlima. Mchanga huenda mbele kidogo. Tope laini huenda mbali zaidi. Chembe ndogo kabisa, zile za mfinyanzi, husafiri mpaka maji yasimame kabisa. Kwa sababu hiyo utakuta udongo wa Chimala umepangwa kwa mistari. Tutembee kutoka mlimani kwenda mbugani, tuone mstari mmoja mmoja.

Mstari wa kwanza uko chini ya mlima. Hapa udongo ni wa kichanga na tifutifu, wenye rangi ya kahawia au nyekundu. Ukiushika unachekechea mkononi. Jembe linaingia bila taabu. Mahindi, migomba na mboga hustawi vizuri. Mvua ikinyesha asubuhi, jioni unaweza kupita shambani bila kuzama. Maji yanapenya upesi kwenda chini.

Mstari wa pili uko kando ya mito. Mto ukifurika hutoka nje ya kingo zake, huacha tope, kisha hurudi. Mwaka unaofuata huacha tope jingine. Ukichimba shimo la kimo cha mtu utaona tabaka juu ya tabaka: mchanga, tope, mchanga tena, mahali pengine majani yaliyooza. Ni kama kurasa za kitabu, na kila ukurasa ni mafuriko ya wakati fulani. Udongo huu una rutuba nyingi. Hapo ndipo ulipoota msitu wa kando ya mto. Utakuta mikuyu mikubwa, mikwaju, miegea na migunga. Uko mgunga mmoja wa ajabu ambao hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchanua majani wakati wa kiangazi. Majani yake yanarutubisha udongo, na makokwa yake ni chakula cha mifugo wakati nyasi zimekauka.

Mstari wa tatu ni mbuga nyeusi. Huu ni udongo wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali, kisha hupasuka. Nyufa zake huwa pana na zenye kina, hata mkono unaweza kuingia. Mvua ikija, udongo hunywa maji, huvimba, na nyufa hujifunga. Hapo hushika viatu, hushika jembe, hushika magurudumu ya trekta. Mkulima wa mahindi huuchukia. Mkulima wa mpunga huupenda, maana maji yakiingia kwenye jaluba hayapotei. Huko ndiko mchele wa Mbeya unakotoka kwa wingi.

Mwisho kabisa, mahali ambapo maji hukaa muda mrefu, kama katika kinamasi cha Ihefu, udongo una rangi ya kijivu au ya buluu hafifu. Ukiumega utaona madoa ya rangi ya kutu. Sababu yake ni hii. Udongo huo una chuma ndani yake. Hewa ikikosekana, chuma hupoteza wekundu wake. Lakini mizizi ya majani huleta hewa kidogo, na pale ilipopita chuma hupata kutu. Basi ukiona madoa hayo, jua kuwa mahali hapo maji husimama kwa miezi mingi, hata kama leo pamekauka. Usijenge nyumba hapo.

JIPIMIE MWENYEWE

Si lazima uwe mtaalamu ili ujue udongo wako. Chukua chupa inayoonyesha ndani. Tia udongo wa shamba lako mpaka theluthi moja. Jaza maji karibu na shingo. Funga, tikisa kwa nguvu kwa dakika chache, kisha iweke mezani usiiguse.

Mchanga utatua chini kwa muda wa dakika moja hivi. Tope laini litatua juu yake baada ya saa chache. Mfinyanzi utakawia siku nzima au zaidi. Sasa utaona mistari mitatu ndani ya chupa, kama ile tuliyoiona Chimala. Mstari ulio mnene kuliko yote ndio unaokuambia shamba lako ni la aina gani.

UDONGO NAO UNAUGUA

Sasa tufike kwenye jambo zito. Udongo ulioletwa na maji huweza kuharibiwa na vitu vinavyoletwa na maji hayo hayo. Tena huharibiwa na vitu tunavyoviweka sisi wenyewe. Tuvitaje.

Kitu cha kwanza ni chumvi. Maji ya mfereji, hata yakiwa masafi machoni, yana chumvi kidogo iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba. Mkulima hufungulia maji kwenye jaluba. Jua huchukua maji, lakini halichukui chumvi. Mwaka huu hubaki kidogo, mwaka kesho kidogo tena. Kama shamba halina mfereji wa kutolea maji, chumvi hukosa njia. Baada ya miaka utaona unga mweupe juu ya udongo wakati wa kiangazi. Mpunga huota kwa mabaka, ncha za majani huungua. Mahali pengine udongo huwa wa magadi: huwa mgumu, na maji husimama juu yake bila kupenya. Watu wengine husema shamba limerogwa. Halikurogwa. Limenyimwa mlango wa kutokea maji.

Kitu cha pili ni dawa za mashambani. Kuna dawa za wadudu, za magugu na za ukungu. Huku juu mlimani wakulima wa viazi hunyunyizia dawa ya ukungu. Huko chini wakulima wa mpunga hunyunyizia dawa ya magugu. Tusiseme kuwa ni wavivu. Mtu mwenye ekari tatu za mpunga, ambaye watoto wako shuleni na vibarua wanataka fedha nyingi, atapaliaje kwa mkono? Dawa inasaidia. Hatari inakuja inapopimwa kwa kukisia, inaponyunyiziwa wakati wa upepo, na bomba linapooshwa mtoni.

Dawa nyingine huoza baada ya siku au wiki chache. Nyingine hukaa. DDT, iliyotumika sana zamani, huweza kubaki ardhini miaka mingi. Ndiyo maana mataifa yalifanya mkataba mjini Stockholm mwaka 2001 wa kuzuia dawa za namna hiyo. Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Kwa hiyo ukikuta dawa ya zamani katika ghala la babu, usiitumie na usiimwage. Mwite bwana shamba au bibi shamba.

Tusisahau kweleakwelea. Ndege hawa wakija kwa makundi humaliza shamba la mpunga kwa siku chache. Serikali hutuma ndege ya kunyunyizia dawa mahali wanapolala. Dawa hiyo inaua ndege, na inaweza kumdhuru mtu. Usiokote kweleakwelea waliokufa kwa dawa ukawafanya kitoweo. Usiwape mbwa wala kuku.

Kitu cha tatu ni mbolea iliyozidi. Urea au SA ikitiwa kwa kiasi na kwa wakati wake, mpunga hunawiri. Ikizidi, mmea hauwezi kula yote. Sehemu huenda na maji mtoni, ikaotesha ukoka na uvundo wa majini. SA ikitumika miaka mingi bila uangalizi, udongo huwa mchachu.

Kitu cha nne ni uchafu wa barabara na mji. Magari makubwa hupita Chimala mchana na usiku. Mahali penye magari pana gereji, na penye gereji pana oili chafu na betri kuukuu. Oili ikimwagwa chini huziba udongo usipumue. Ndani ya betri kuna risasi, ambayo ni sumu inayodhuru akili za watoto. Miaka mingi petroli nayo ilikuwa na risasi, na moshi wake uliangukia kando ya barabara. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006. Lakini risasi iliyoanguka haiozi. Basi usipande mchicha pembezoni kabisa mwa barabara kuu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, nayo ile ya zamani bado tunaifukua tukilima.

KILA UDONGO UNA UDHAIFU WAKE

Hapa ndipo elimu ya aina za udongo inapotusaidia. Sumu ile ile haifanyi kazi sawa kila mahali.

Katika udongo wa kichanga ulio chini ya mlima, vitu hupenya upesi kwenda chini, mpaka kwenye maji ya kisima. Shamba litaonekana safi, lakini kisima kimechafuka. Kwa hiyo mahali hapo usichanganye dawa wala usichimbe choo karibu na kisima.

Udongo wa mfinyanzi ni tofauti. Unashika. Dawa nyingi hung'ang'ania chembe zake. Utafikiri basi kuna usalama. Lakini kumbuka zile nyufa. Ukinyunyizia dawa au kumwaga oili wakati udongo umepasuka, mvua ya kwanza huipeleka moja kwa moja chini kupitia nyufa kabla hazijajifunga. Tena mafuriko yakija, chembe za mfinyanzi huchukuliwa pamoja na sumu zilizoshikilia, zikapelekwa mbali na kutua katika shamba la mtu mwingine. Yeye hakununua dawa hiyo, lakini imemfikia.

Na katika udongo wa kinamasi hewa ni kidogo. Wadudu wadogo wasioonekana, wale wanaoozesha oili na uchafu mwingine, wengi wao wanahitaji hewa. Wakiikosa, kazi yao huwa polepole. Kwa hiyo oili ikifika Ihefu hukaa muda mrefu kuliko ikiwa shambani.

MSITU NI CHUJIO

Sasa utaelewa kwa nini msitu wa kando ya mto ni mali. Maji yanayotoka mashambani yakikutana na miti, vichaka na nyasi, hupunguza mwendo. Tope hutua. Sumu iliyoshikilia tope nayo hutua. Mizizi hunyonya mbolea iliyozidi. Wadudu wadogo walio katika majani yaliyooza huozesha sehemu ya dawa. Maji yanayofika mtoni huwa na nafuu. Ni kama mama anavyochuja tui: machicha hubaki kwenye kifumbu.

Lakini chujio nalo huziba likibebeshwa kupita kiasi. Na likitobolewa halichuji. Kando ya mito ya Usangu miti mingi imekatwa kwa ajili ya mkaa, kuni na mashamba ya mboga ya kiangazi. Mahali miti ilipokwisha, kingo za mto hubomoka. Mto huwa mpana na wa kina kifupi. Tabaka zile tulizozifananisha na kurasa za kitabu huchukuliwa na maji. Mafuriko yaliandika kwa miaka mingi, nasi tunafuta kwa masika machache.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Zihesabu siku moja kutoka ukingoni. Mtu mwenye shamba dogo ataona ni eneo kubwa, na ni haki yake kuuliza atakula nini. Jibu ni kuwa ukanda huo si lazima uwe pori tupu. Unaweza kufaa kwa mizinga ya nyuki, na kwa miti ya matunda ya asili isiyohitaji kulimiwa wala kunyunyiziwa dawa. Tena ndio unaozuia shamba lililo nyuma yake lisiliwe na mto.

TUJIFUNZE KWA WAJAPANI

Wajapani nao wanakula wali. Huko Toyama kuna mto unaoitwa Jinzu, na kando yake kuna mashamba ya mpunga katika nchi ya mafuriko, kama Usangu. Mlimani palikuwa na mgodi wa Kamioka. Uchafu wa mgodi, wenye sumu iitwayo kadimiamu, uliingia mtoni. Wakulima wakafungulia maji kwenye mashamba yao kama siku zote. Udongo ukashika sumu. Mpunga ukainyonya. Watu wakala.

Baada ya miaka mingi watu, hasa wanawake, walianza kuugua mifupa. Mifupa ililegea, ikavunjika hata kwa kukohoa. Ugonjwa uliitwa "itai-itai", maana yake "inauma, inauma". Mwaka 1968 serikali ya Japani ilitamka kuwa chanzo ni kadimiamu ya mgodi. Kisha ikaja kazi ya kuponya udongo. Walifukia udongo wenye sumu na kuweka udongo safi juu yake, shamba baada ya shamba. Kazi hiyo ilianza mwaka 1979. Ilimalizika mwaka 2012. Hesabu mwenyewe: ni miaka zaidi ya 30, katika nchi tajiri yenye mitambo mingi.

Hatusemi kuwa Chimala kuna kadimiamu kama ile ya Toyama. Tunasema kuwa udongo wa mbuga una tabia moja popote ulipo. Unapokea kimya kimya. Haulii wala haunuki. Siku utakapokuonyesha kuwa unaumwa, huenda gharama ya kuuponya imeshinda uwezo wa kijiji.

MAJI YA CHIMALA YANAKWENDA WAPI?

Maji yakitoka Chimala hupita kwenye mashamba ya mpunga, halafu huingia Ihefu. Hutokea Ihefu kwenye mwamba wa Ng'iriama, yakiwa Mto Ruaha Mkuu. Huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako viboko, mamba na tembo wanayangojea. Yakitoka hapo hufika bwawa la Mtera, halafu Kidatu, ambako hutuzalishia umeme. Mwisho huungana na Mto Rufiji na kufika baharini.

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Tangu hapo umekuwa ukikauka mara kwa mara. Mengi yamesemwa kuhusu nani wa kulaumiwa, mkulima au mfugaji, mwenye shamba kubwa au mdogo. Wafugaji wengi walihamishwa Usangu miaka ya 2006 na 2007, na mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Hayo ni mambo mazito, na yaliwagusa watu wengi. Leo tunataka ulikumbuke jambo moja tu. Maji yakipungua, uchafu haupungui. Kikombe kimoja cha sumu katika mto uliojaa si sawa na kikombe hicho hicho katika kidimbwi cha mwezi Oktoba. Na mwezi Oktoba ndipo wanyama na watu hunywa kwenye vidimbwi.

TUFANYE NINI?

Yapo mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya bila kungoja msaada.

1. Soma kibandiko cha dawa kabla ya kununua. Tazama rangi iliyo chini yake. Nyekundu ni hatari kubwa kabisa. Kijani ni hatari ndogo. Kama huwezi kusoma maandishi madogo, mwambie mwanao akusomee.

2. Chupa ya dawa ikiisha, isuuze mara tatu, na maji ya kusuuzia uyarudishe ndani ya bomba uyanyunyizie shambani. Kisha itoboe. Usiitie mafuta ya kula, wala maji, wala pombe. Usiichome moto, maana moshi wake ni sumu.

3. Usioshe bomba mtoni wala mferejini.

4. Kila jaluba liwe na njia ya kuingiza maji na njia ya kutoa. Jaribu kilimo shadidi cha mpunga, ambacho miche hupandwa kwa nafasi na shamba haliachwi na maji wakati wote. Maji yanatumika kidogo zaidi.

5. Rudisha majani ya mpunga na samadi shambani. Udongo wenye mboji huozesha uchafu upesi kuliko udongo mtupu.

6. Fundi wa gereji, weka oili chafu kwenye pipa. Usiimwage kwenye mtaro, maana mtaro unaelekea shambani.

Yapo mengine yanayohitaji umoja. Jumuiya za Watumia Maji zipo kwa ajili hiyo. Huko mtu wa juu na mtu wa chini wanaweza kukaa pamoja. Mkulima wa viazi wa mlimani na mkulima wa mpunga wa mbugani wanatumia mto mmoja, ingawa huenda hawajawahi kuonana. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, ndiyo inayosimamia mito hii. Na kama unashuku udongo wako, usikisie. Chukua udongo mahali mbalimbali pa shamba, uchanganye, utie katika mfuko safi, umpelekee bwana shamba. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole hakiko mbali.

Ndugu msomaji, safari yetu imekwisha. Umeona kuwa udongo wa Chimala ulitoka mlimani, ukapepetwa na maji, ukapangwa vizuri kuliko mtu anavyoweza kupanga. Kazi hiyo ilichukua maelfu ya miaka. Kuharibu ni kazi ya msimu mmoja. Mjukuu wako atakula kwenye udongo huo huo, maana hakuna mwingine unaoletwa kwa treni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Udongo wa kijiji chenu umefanana na upi kati ya mistari mitatu ya Chimala? Mmejuaje?

2. Chupa tupu za dawa katika kijiji chenu zinakwenda wapi? Nani anazitumia tena, na kwa kazi gani?

3. Kutoka kisima chenu cha maji ya kunywa mpaka shamba la karibu linalonyunyiziwa dawa ni hatua ngapi? Nendeni mkazihesabu.

4. Nani anaishi juu yenu kwenye mto, na nani anaishi chini yenu? Mmewahi kuzungumza nao?